Buick ya Marehemu na Kiti cha Mezani

SEHEMU YA TISA

"Toka humo, Onelio. Maiti haipakatwi."

"Sitoki."

"Stata imelia pumzi moja ikakata roho. Mtaa mzima umesikia. Au unataka tukuitie padri?"

"Rigoberto, ukiweka tena mkono kwenye mlango huu, nitaufunga na mkono ukiwa ndani."

Naam, hapo hapo ndipo tulipokatiana utamu Jumapili iliyopita. Onelio Bacallao, fundi wetu mnene mwenye mluzi, amekaa nyuma ya usukani wa Buick ya mwaka hamsini na moja. Amezungusha ufunguo, amekanyaga mafuta kama Buick za enzi hizo zinavyotaka, stata imepiga yowe moja fupi, na baada ya yowe, kimya. Na watu wote wa mlimani Versalles, hapa Matanzas, wamejipanga juu ya kuta na ngazi, vinywa wazi.

Kwa aliyejiunga leo nasema upesi, maana chakula kiko mekoni.

Gari ni la Nereida Portuondo, mjane mwenye mwendo wa kuwafanya wacheza domino wasahau zamu zao. Aliachiwa na baba yake, marehemu Leovigildo. Petroli ilipoadimika, ile injini yake yenyewe, ya silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, ilitolewa ikawekwa uani chini ya turubai, Nereida akawa anafulia juu yake. Ndani ya Buick wakatia injini ya trekta. Tangu hapo gari lile likiwashwa, sufuria zinadondoka ukutani mpaka mtaa wa pili.

Na nadhiri mnaijua. Nereida alisimama pale mlangoni, mkono kiunoni, akasema mbele yetu sote: "Mwanamume atakayeipandisha Buick ya baba mpaka juu ya mlima huu, kwa injini yake yenyewe, atakula chakula cha Jumapili mezani kwangu, kwenye kiti cha baba."

Kiti kile, tangu mzee azikwe, hata paka hakikalii. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Wakajitokeza wawili. Kona ya kushoto, Onelio, bingwa wa dizeli, hajawahi kukosa neno maishani mwake isipokuwa akiwa mbele ya Nereida. Kona ya kulia, Rigoberto Valdivia, jino la dhahabu, suti nyeupe, dereva wa teksi ya Chevrolet yenye injini ya lori, inayounguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Rigoberto alijaribu kwanza, akatoka bila nyusi. Leo ni Onelio, aliyeifufua ile injini ya uani na kuirudisha garini. Na jana tu alikuwa hana hata betri. Nereida akamletea moja, ameifunika kwa aproni yake ya maua, akamwambia asiulize. Onelio hakuuliza. Vidole vyao viligusana, akasahau hata alikokuwa.

Haya, turudi.

"Fundi, jaribu tena," akasema Tomasito kinyozi kutoka juu ya ukuta.

"Asijaribu," Rigoberto akadakia. "Mimi nilipewa mara ngapi?"

"Wewe ulipewa moja ukachoma nyusi. Tuliridhika."

Mtaa ukaangua kicheko. Onelio hakucheka. Alikuwa anasikiliza. Maskini, alisikiliza kama anavyosikiliza kila fundi wa kisiwa hiki: akingoja usukani utetemeke, akingoja meno yagongane kinywani, akingoja ile ga-ga-ga ya dizeli inayokwambia kuwa Mungu yupo. Hakusikia ga hata moja. Akauondoa mguu taratibu, akainamisha kichwa.

Juu, dirisha likafunguka. Bi Zenaida, mama yake Nereida, akatoa kichwa kilichojaa vibanio.

"Mbona hamlizimi hilo gari? Petroli haiokotwi."

"Mama, rudi ukalale," akasema Nereida.

"Litazimwaje na halijawaka, bibi?" akauliza Yusimí, jirani wa ng'ambo, ambaye hakuna msiba wala harusi inayoanza kabla yeye hajafika.

"Mimi nimesema tu." Dirisha likafungwa kwa kishindo.

"Uzee," akanong'ona mtu.

Liwekeni hilo akilini.

Onelio akatoka garini. Mtu mnene akitoka garini kwa aibu, huchukua muda. Nereida alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha meza begani. Meza alikwisha kuiandaa, wote tuliona kupitia dirishani. Akamtazama.

"Si neno, Onelio," akasema.

Afadhali angempiga kofi.

"Basi tulirudishe uani," Rigoberto akasema, sauti imejaa asali. "Nyinyi sukumeni. Usukani nitashika mimi. Gari la heshima hushikwa na dereva, haliachiwi mtu wa grisi."

Na alivyoingia, jamani. Kwanza alipangusa kiti kwa leso. Kisha akakunja mikono ya koti. Kisha akatengeneza kioo, si ili aone barabara, ili aone jino. Geti la uani liko juu kidogo ya nyumba, hivyo ilibidi gari lisukumwe kuelekea mlimani. Nyuma wakajipanga Tomasito, Yusimí aliyejifunga kanga ya vita, wacheza domino watatu wenye kete mifukoni, na Onelio mwenyewe, bega kwenye buti, macho chini.

"Weka gea huru," Onelio akasema kwa unyonge.

"Unanifundisha gea mimi? Mimi nimezaliwa na gea mkononi."

"Pole yake mama yako," akasema Tomasito.

Rigoberto akaivuta gea mpaka mahali gea huru inapokaa kwenye Chevrolet yake. Lakini Buick si Chevrolet. Buick ile inajibadilishia gea yenyewe, na mahali pale alipoiacha, palikuwa pa kwenda. Mguu wake wa kushoto ukatafuta klachi, haukuipata. Wa kulia, ili nao usionekane mjinga, ukakanyaga pale ulipokuwa, kwenye mafuta. Akaachia breki ya mkono.

"Haya, sukumeni."

Gari likaondoka.

Halikuruka, halikushtuka. Liliteleza kama siagi kwenye kikaango cha moto. Wasukumaji wakajikuta wanasukuma upepo. Tomasito akaenda chini, Yusimí akaenda juu ya Tomasito, wacheza domino wakaenda juu ya Yusimí, na kete zikamwagika njia nzima.

Rigoberto hana habari. Amelegea, kiwiko nje ya dirisha, anawapungia akina mama.

"Taratibu, jamani, msije mkapata ngiri," akapaza sauti bila kugeuka. "Mna nguvu, nakiri. Mna nguvu."

Akampita mshona viatu. Akalipita bomba la maji. Mlima unazidi kusimama na gari linazidi kupanda, nyororo, kana kwamba linavutwa na uzi kutoka mbinguni.

"Basi, geti tumelipita," akasema. "Nimesema basi. Jamani?"

Akatazama kwenye kioo. Humo, mbali kule chini, akaona rundo la watu wamelaliana barabarani, na Onelio ameketi chini, mikono yake bado ameinyoosha mbele.

"Kama wote wako kule," akasema Rigoberto kwa sauti ndogo, "nani anasukuma?"

Yusimí, akiwa bado juu ya kinyozi, akapiga ishara ya msalaba. Sauti ya Yusimí haihitaji simu.

"Gari limekufa na linapanda mlima. Ni Leovigildo. Mzee amerudi kuchukua gari lake."

Jina lile lilimfikia Rigoberto kama ndoo ya maji baridi. Akafungua mlango. Akaruka, na suti yake nyeupe, na jino lake, mpaka ndani ya mkokoteni wa viazi vitamu wa Chucho.

Na Buick, mlango wazi, ndani hamna mtu, ikaendelea na safari yake polepole, kama bibi anayetoka kanisani.

Hapo ndipo Nereida alipozitupa ndara zake.

Alikimbia peku mlima wote ule, nguo ameikusanya kwa mkono mmoja. Akalifikia. Akaingia. Tukasema, ahsante Mungu, atalisimamisha. Hatukumjua. Nereida alifunga mlango, akashika usukani kwa mikono miwili kama baba yake alivyomfundisha mapajani, na akakanyaga mafuta. Buick ikapanda mpaka juu kabisa, ikalipita duka la mkate, ikazunguka mbele ya kanisa. Tukaisikia honi, ile honi yenye sauti ya tarumbeta mbili zinazogombana. Kisha hiyo inashuka, inang'aa, Nereida ndani anacheka, nywele zimefumuka, na watoto wote wa mlimani wanaikimbilia nyuma.

Akasimama mbele ya mlango wake. Hakuzima.

"Onelio," akasema. "Fungua boneti."

Onelio akafungua. Tukasongamana vichwa kama kuku kwenye sahani moja. Feni inazunguka kasi hata huioni. Mkanda unakwenda. Na kelele hakuna. Ukitega sikio sana, unasikia kitu kama mtoto mchanga aliyeshiba, amelala.

"Linapumua," akanong'ona Tomasito.

Onelio akaweka kiganja juu ya injini, polepole, kama anayegusa farasi.

"Liliwaka pale pale mwanzo," akasema. "Lilikuwa limewaka muda wote ule. Nimeshinda maisha yangu yote natengeneza makelele. Sikujua gari zima husikika vipi."

Dirisha likafunguka.

"Sasa mtalizima?" akauliza Bi Zenaida.

Hakuna aliyethubutu kusema uzee.

"Mama, shusha kahawa," akasema Nereida.

Ikashushwa kwa kikapu na kamba, kikombe kimejaa pomoni. Nereida akakitua juu ya injini, katikati ya silinda zile nane. Wote tukaacha kuhema. Kahawa haikutikisika. Ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele.

"Baba alikuwa anafanya hivi kila Jumapili," akasema. "Kahawa ikimwagika, hatutoki. Isipomwagika, tunakwenda pwani."

Aliposema hivyo ikawa kama amefungua mlango wa banda. Kila mtu akakumbuka lake. Mmoja alikumbuka viti vyekundu vilivyokuwa vinaunguza mapaja wakati wa jua. Mwingine alikumbuka siku mzee alipowapakia wapiga ngoma wote wa harusi yake na bibi harusi akakosa nafasi, akaja kwa miguu.

"Mimi nimezaliwa humu," Tomasito akasema, machozi yanamlenga. "Kiti cha nyuma, tukiwa darajani, mama anakwenda hospitali."

"Na mimi," akasema mcheza domino mmoja.

"Hata mimi, kiti hicho hicho," akasema mwenzake.

Ikaelekea nusu ya Matanzas imezaliwa kwenye kiti kile. Bi Zenaida akakohoa dirishani.

"Leovigildo alikuwa hapakii wajawazito kamwe," akasema. "Aliogopea viti vyake."

Onelio akakiinua kile kikombe, akainywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, akafuta macho kwa mkono wa grisi, akabaki na uso kama pundamilia. Nereida akamtazama uso ule kwa muda mrefu kuliko desturi. Sisi tukaanza kutabasamu. Wengine tukaanza kufikiria nguo za harusi.

"Samahani," ikasema sauti nyuma yetu.

Rigoberto. Suti imekuwa ramani ya udongo, kiazi kimoja kimechungulia mfukoni. Lakini alikuja amenyooka.

"Nina swali moja tu kwa jirani zangu, watu wa haki. Nani alikuwa nyuma ya usukani gari lilipopanda?"

Tukatazamana.

"Nadhiri haikusema atakayelitengeneza," akaendelea, na jino likaanza kuwaka tena. "Ilisema atakayelipandisha. Kwa injini yake yenyewe. Nani alilipandisha? Huyu alikuwa amekaa chini, anasukuma hewa."

"Ulikuwa hujui hata kama limewaka," Tomasito akasema.

"Nadhiri ilisema nijue?"

 Wacheza domino, ambao ndio mahakama ya mtaa wetu, wakajikuna. Mmoja akasema, kwa masikitiko, kwamba kwa maneno yalivyo, mtu ana hoja. Mwingine akasema kwa kweli mlima ulipandwa. Onelio akaanza kuokota spana zake moja moja, anazitia mfukoni, na kila spana ilivyolia ndivyo moyo ulivyotuuma. Mtu ametoa injini chini ya nguo za kufua, ameifufua, na kiti kinakwenda kwa mtu wa viazi.

"Chucho," Nereida akaita. "Mkokoteni wako ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale pale siku zote, dada. Katikati ya mlima, kwenye kivuli cha kuta."

"Rigoberto aliushukia wapi?"

"Aliuangukia, dada, hakuushukia. Katikati."

"Nadhiri yangu ilisema mpaka juu." Nereida akamgeukia Rigoberto, na akaiweka mikono kiunoni. "Wewe uliishia kwenye viazi. Aliyefika juu ni nani?"

Jibu lilikuwa limesimama mbele yetu, peku.

"Nimefika mimi," akasema. "Basi kiti cha baba ni changu. Nimekishinda kihalali, na leo nitakikalia."

 Onelio akaokota spana ya mwisho. Alikuwa amekwisha kugeuka aende zake nyumbani, kwenye ule wali wake wa jana, ndipo Nereida akazungumza tena, safari hii bila kuinua sauti.

"Na kile kiti changu cha siku zote kimebaki wazi. Onelio, nawa mikono."

Kelele zilizopigwa mtaani petu dakika ile zilimaliza ukimya wote wa Buick. Yusimí akambusu kinyozi. Kinyozi akambusu Chucho. Bi Zenaida akamwaga maji ya bakuli kutoka dirishani, kwa baraka, yakamwangukia Rigoberto.

 Rigoberto akakitoa kile kiazi mfukoni, akamkabidhi Chucho, akavuka barabara kwenda kwenye Chevrolet yake, akaingia, akafunga mlango.

Ndani kwa Nereida, meza ilikuwa inanukia mpaka kwenye mifupa. Nguruwe wa kuokwa ngozi yake inavunjika ukiitazama. Wali wa maharage meusi. Mihogo iliyomwagiwa kitunguu saumu na ndimu. Bi Zenaida upande mmoja, Nereida kwenye kiti cha baba, mgongo umenyooka kama malkia, na Onelio, mikono imesuguliwa mpaka imekuwa myekundu, kwenye kiti cha Nereida. Akachoma kipande cha muhogo. Akakiinua.

Huko nje kukasikika: tik.

Mtaa wetu unaijua ile tik ya ufunguo unaozungushwa na gari lisiitike. Tik ikasikika tena. Kisha mlango wa gari, kisha boneti, kisha kimya cha mtu anayetazama mahali palipokuwa na kitu.

Muhogo wa Onelio ukasimama njiani.

"Nereida," akasema. "Ile betri."

"Nilikwambia usiulize."

"Uliitoa wapi?"

Nereida akajishughulisha na wali. Akampakulia nyama, kipande chenye ngozi, kile kizuri.

"Rigoberto alikuwa na gari zima linalotembea," akasema, anaitazama sahani. "Wewe ulikuwa na injini tu. Nilitaka ushinde."

Onelio akasahau tena alikokuwa. Bi Zenaida akachukua ule muhogo kutoka kwenye uma wake, akaula mwenyewe, maana ulikuwa unapoa.

"Nereida Portuondo." Sauti ilitoka getini, na ilikuwa imetulia, jambo lililotutisha zaidi. "Njoo tuzungumze."

Nereida akatoka, anafuta mikono kwenye aproni. Mtaa mzima ulikuwa nyuma ya mapazia, nami nikiwemo. Rigoberto amesimama na spana mkononi. Macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye aproni ile ya maua, na yakatua pale katikati ya maua, kwenye doa jeusi, mraba, saizi ya betri.

Akalitazama doa. Akaitazama Buick. Akaliangalia dirisha, na ndani yake Onelio, amesimama, leso shingoni.

Nereida hakukimbiza macho.

"Rigoberto," akasema, "umekula?"

"Sikuja kula. Nimekuja na spana."

"Nimekuuliza kama umekula."

Upepo ukageuka, ukaleta kitunguu saumu. Rigoberto akameza mate. Kisha, na hili ndilo lililotukosesha usingizi wiki nzima, akatabasamu, jino lote nje, akainama na kuiweka spana chini kwenye ngazi kama mtu anayeweka zawadi.

"Betri sitoi," akasema. "Ikae humo humo, inapendeza. Ila bila betri yangu Buick ya baba yako haitoki, na mwenye betri ana haki ya kukaa karibu nayo. Leo, na Jumapili ijayo, na Jumapili zote. Na ningependa kukaa tukitazamana."

Nereida akavuta pumzi. Akatazama juu dirishani kwa mama yake, akatazama mlimani, akatazama mtaa mzima uliojificha vibaya nyuma ya mapazia.

"Haya, nawa mikono uingie ule," akasema. "Onelio, sogea."